Tandu wa Udongo Si Adui wa Mahindi
(Mada ya mafunzo kwa mabaraza ya wakulima, Kaunti ya Uasin Gishu)



Mwezi wa Machi, mvua za kwanza zikishagusa ardhi na matrekta yakaanza kuzunguka mashambani, si ajabu kumwona mkulima akiingia agroveti mjini Eldoret na chupa ya maji iliyokatwa shingo. Ndani ya chupa kuna kiumbe chembamba kama uzi wa kushonea gunia, rangi ya manjano iliyoelekea wekundu, urefu wa kidole, miguu haihesabiki. Ombi ni moja: dawa ya kuwaua hawa kabla hawajala mbegu. Muuzaji naye ana bidhaa ya kuuza. Pesa inatoka, dawa inamwagwa kwenye mtaro wa mbegu, na hakuna aliyeuliza huyo aliye chupani anakula nini hasa.

Jibu lake ni hili: anakula wale wanaokula mahindi, pamoja na wengine wengi wasio na hatia. Ni tandu wa udongo, na katika shamba la mahindi yeye ni askari, ingawa hana sare.

Watu wengi wakisikia neno tandu humkumbuka yule mkubwa anayejificha chini ya mawe na magogo, ambaye akimuuma mtu, mtu huyo halali. Huyo ana jozi 21 au 23 za miguu, na uchungu wake ni wa kweli. Hakuna haja ya kumtetea hapa. Yuko pia yule wa nyumbani mwenye miguu mirefu kama ya buibui, jozi 15, anayekimbia ukutani taa ikiwashwa. Huyu wa udongoni ni ukoo mwingine. Ni mwembamba, mrefu, mlegevu kama kamba, na meno yake ni madogo mno kumdhuru mtu mzima. Wengi wao hawawezi hata kutoboa ngozi ya kiganja cha mkulima aliyezoea jembe.

Miguu yake ina kisa. Katika kundi hili lote, idadi huanzia jozi 27 hadi kufikia jozi 191 kutegemea spishi, na karibu kila mara ni namba witiri: 41, 57, 63 na kadhalika. Jina la tandu kwa Kiingereza lina maana ya miguu mia. Miguu mia ni jozi 50, na 50 ni shufwa. Kwa hivyo miguu mia kamili ndiyo idadi ambayo tandu huwa hana. Mtoto wa tandu huyu akitoka katika yai huwa na jozi zake zote. Haongezi miguu akikua, anaongeza ukubwa tu.

Jambo la pili ni kwamba hana macho. Si kwamba haoni vizuri. Macho hayapo kabisa. Mwaka 2014 wanasayansi walichapisha ramani ya jeni zote za tandu mmoja wa udongo aitwaye Strigamia maritima, anayeishi katika kokoto za pwani ya Uskoti. Walikuta kwamba jeni ambazo wadudu wengine huzitumia kutambua mwanga zimepotea, na hata zile zinazoendesha saa ya mwili, yaani za kutofautisha usiku na mchana, hazimo. Kwa kiumbe anayeishi gizani maisha yote, hilo si kilema. Pembe zake mbili za kichwani zinapapasa na kunusa, na zinamtosha. Mwaka uliofuata, 2015, tandu wa ukoo huohuo alitangazwa kutoka katika pango moja nchini Kroatia, zaidi ya mita 1,000 chini ya ardhi.

Anavyotembea udongoni ndiko kunakomfaa mkulima. Sidnie Manton, mtaalamu wa Uingereza aliyetumia miaka mingi kuchunguza mwendo wa viumbe wenye miguu mingi, alieleza kwamba tandu hawa huchimba njia karibu kama nyungunyungu: sehemu ya mwili hujifupisha na kunenepa ikasukuma udongo pembeni, kisha sehemu ya mbele hurefuka na kupenya. Kwa hivyo anaingia katika nyufa ambazo chungu na mende wawindaji hawafiki, na huko ndiko buu lililojificha karibu na mzizi linapokutwa.

Akilikuta, hulishika kwa jozi ya kwanza ya miguu, ambayo kwa tandu wote imegeuka kuwa makucha yenye sumu chini ya kichwa. Sumu inalegeza windo, kisha tandu anafyonza majimaji yake. Hatafuni kwa kishindo kama panzi. Anakula mabuu ya mende, viwavi wachanga, nyungunyungu na vijidudu vidogo vya udongo. Ndiyo, nyungunyungu pia, na wapo watakaosema hiyo ni hasara. Lakini shamba lenye nyungunyungu wa kutosha kulisha tandu ni shamba lililo hai, na mahali pasipo windo, mwindaji haonekani.

Uzazi wake ni wa polepole, na hapa ndipo jembe na dawa vinapomuumiza zaidi. Dume hutandaza nyuzi chache kama za buibui ndani ya kijishimo, akaweka juu yake kifuko cha mbegu, na jike akaja kukichukua. Jike akishataga hujikunja kuzunguka mayai na kukaa hapo kwa majuma, akiyalinda na kuyasafisha dhidi ya ukungu, hadi watoto wawe tayari kujitegemea. Katika muda huo haendi kuwinda. Akisumbuliwa, mara nyingi huyaacha mayai, au huyala. Viwavijeshi vamizi, waliovamia mashamba ya nchi hii mwaka 2017, jike mmoja hutaga mayai zaidi ya elfu moja katika maisha yake na kizazi kipya huwa tayari katika muda wa mwezi mmoja hivi. Tandu hawezi kushindana kwa kasi hiyo. Dawa ikimwagwa udongoni, anayerudi kwanza ni mla mimea, na mlinzi humfuata baadaye, akirudi.

Mtu anaweza kuuliza: hawa tandu walijulikana lini katika nchi hizi? Sampuli nyingi za mwanzo zilichukuliwa na misafara ya Wazungu enzi za ukoloni. Yngve Sjöstedt wa Sweden alizunguka Kilimanjaro, Meru na nyika za Wamaasai mwaka 1905 na 1906. Wafaransa Charles Alluaud na René Jeannel walipita Afrika Mashariki mwaka 1911 na 1912 wakipanda mlima baada ya mlima, na tandu wao wakapelekwa kwa Henri Ribaut, mtaalamu aliyeheshimiwa kiasi kwamba kuna jenasi ya tandu wa udongo iliyopewa jina lake, Ribautia. Jeannel alirudi tena mwaka 1932 na 1933 katika msafara wa Omo, ambao ulifika Mlima Elgon, hapa jirani. Huko Vienna, Carl Attems aliketi na mizigo ya aina hiyo kutoka pembe zote za dunia, na mwaka 1929 akatoa kitabu kizima kuhusu tandu wa udongo pekee.

Leo zinahesabiwa spishi zaidi ya 1,200 katika kundi hili duniani, zikiwa zimegawanywa katika jenasi zipatazo 200. Nyingi kati ya jenasi hizo ni ndogo sana, zenye spishi moja, mbili au tatu, na baadhi zinajulikana kwa sampuli chache tu zilizolala katika chupa za makumbusho ya Ulaya. Jenasi ndogo maana yake ni ukoo uliobakiwa na watu wachache. Ukiwa unaishi katika kipande kimoja cha msitu au bonde moja, plau moja inatosha kuumaliza.

Kazi iliyofanywa na Waafrika wenyewe ilikuja baadaye. Kuanzia mwaka 2002 mradi wa viumbe hai walio chini ya ardhi uliendeshwa katika nchi saba, Kenya na Uganda zikiwamo, na hapa Kenya maeneo yaliyochaguliwa yalikuwa Embu na Taita. Njia iliyotumika kuhesabu viumbe wakubwa wa udongo ilikuwa rahisi kiasi kwamba mwanafunzi wa shule ya msingi anaiweza, nayo itaelezwa hapa chini, kwa sababu haihitaji maabara.

Kabla ya hapo, habari ya ardhi yenyewe. Uwanda wa Uasin Gishu ulikuwa nyasi na malisho. Makaburu walipofika mwaka 1908 na magari yao ya ng'ombe walianza kuulima, na tangu hapo plau haijapumzika: ngano, kisha mahindi, kisha mahindi tena. Shamba lililopinduliwa kila mwaka kwa zaidi ya karne moja, mabua yakichomwa au kuuzwa kama lishe hadi la mwisho, halina paa. Jua la Januari linaingia moja kwa moja. Tandu wa udongo ana ngozi inayopoteza maji upesi; kiangazi hushuka chini kufuata unyevu, na pale murram ilipo karibu na uso, hana pa kushukia.

Asidi nayo imeongeza shida. Mbolea ya kupandia ya DAP ina nitrojeni ya aina ya amonia. Vijidudu vya udongo vinapoigeuza kuwa naitreti, asidi hubaki nyuma, na msimu baada ya msimu inajikusanya, hasa mvua zikiwa nyingi. Kipimo cha pH kikishuka chini ya 5.5, aluminiamu iliyo udongoni huanza kuyeyuka na kuchoma ncha za mizizi ya mahindi. Mkulima anaona mmea wa rangi ya zambarau, mfupi, na anafikiri mbolea haikutosha. Anaongeza ileile. Nyungunyungu nao wengi hawavumilii udongo wa namna hiyo, na mnyororo mzima wa walaji unapungua. Mtu aliyemwaga chokaa ya kilimo baada ya kupima udongo amewasaidia tandu bila kujua kwamba wapo.

Sasa twende shambani, kwa sababu hatari kubwa ni kumfananisha mlinzi na mwizi. Wako wanne wa kutofautisha naye.

Wa kwanza ni buu jembamba, gumu, la rangi ya shaba au manjano iliyokolea, linalong'aa kama waya. Hili ni mtoto wa mende fulani na linatoboa mbegu na shina la mahindi chini ya ardhi. Wengi hulichanganya na tandu kwa sababu ya umbo na rangi. Dawa ya utata huo ni kuhesabu miguu: buu hili lina jozi tatu tu, zote karibu na kichwa. Nyuma ni mwili mtupu.

Wa pili ni buu nene jeupe, kichwa cha hudhurungi, lililojikunja kama herufi C. Nalo lina jozi tatu, nalo linakula mizizi. Huyu hamchanganyi mtu na tandu, lakini anatajwa kwa sababu akionekana kwa wingi, tandu peke yake hamwezi, na mkulima ana haki ya kutafuta msaada.

Wa tatu ni sota, kiwavi cha rangi ya kijivu chenye ngozi kama iliyopakwa mafuta. Mchana hulala udongoni karibu na mche, usiku hukata shina usawa wa ardhi. Asubuhi mkulima anakuta mche umelala kama uliokatwa na wembe, anafukua, na wa kwanza kuonekana anaweza kuwa tandu aliyekuja kumtafuta huyohuyo sota. Askari anakamatwa penye wizi kwa sababu alifika.

Wa nne ndiye mgumu. Ni kiumbe mdogo mweupe, asiyefika sentimita moja, mwepesi, na anafanana kabisa na tandu mchanga. Hana macho, ana pembe ndefu za kichwani, na akikomaa ana jozi 12 za miguu. Huyu hula vinyweleo vya mizizi na mizizi michanga, na akizidi, mimea hudumaa kwa mabaka shambani. Kwa hivyo si kila mwenye miguu mingi ni rafiki. Kanuni ya shambani ni hii: mweupe, mfupi, jozi 12 au pungufu, mtilie shaka, mrefu kama uzi, rangi ya manjano, chungwa au hudhurungi, jozi 27 kwenda juu, mwache apite.

Jongoo yeye anajulikana. Ni mviringo, anajikunja akiguswa, na karibu kila pingili ina jozi mbili za miguu badala ya moja. Kazi yake kubwa ni kula majani yaliyokufa, ingawa akikosa huweza kutafuna mbegu iliyoanza kuota au viazi. Wahenga walisema mtupa jongoo hutupa na mti wake, na kwa kweli wengi humtupa na tandu wake pia.

Haki itendeke kwa pande zote: huko Ulaya wapo tandu wa udongo waliowahi kukutwa ndani ya mizizi laini ya mboga, na baadhi ya wataalamu wakawashuku kuwa wanatafuna. Visa hivyo ni vichache, na haviwageuzi kuwa waharibifu wa mahindi.

Sasa ile njia ya kuhesabu. Subiri siku mbili tatu baada ya mvua, asubuhi kabla jua halijakolea. Pima shambani mraba wa sentimita 25 kwa 25, mbali na njia na mbali na kichuguu. Chimba pande zote hadi kina cha sentimita 30, kisha toa bonge hilo la udongo na ulitandaze juu ya nailoni nyeupe au gunia safi. Vunja mabonge kwa mkono taratibu, ukivaa glavu, maana yule tandu mkubwa naye anaweza kuwamo. Hesabu nyungunyungu, mabuu, tandu, jongoo, chungu na mchwa, kila kundi peke yake, na uandike. Rudia mahali pasipopungua patano katika shamba hilohilo. Halafu nenda kafanye vivyo hivyo kwenye mpaka wenye nyasi au chini ya miti iliyoko boma. Tofauti kati ya karatasi hizo mbili itamweleza mkulima hali ya udongo wake kuliko maneno mengi ya afisa. Udongo wenyewe urudishwe shimoni pamoja na wenyeji wake, na shimo lisiachwe wazi, kwa sababu ng'ombe hana macho ya nyuma.

Hesabu ikionyesha mabuu machache na tandu wapo, hakuna sababu ya kumwaga dawa mtaro mzima. Mabuu yakiwa mengi, mwite afisa wa ugani wa wadi aje aone. Kilimo ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010, na huduma hiyo hailipiwi kwa agroveti. Pale dawa inapohitajika kweli, mbegu iliyopakwa dawa hugusa eneo dogo kuliko kumwaga chembe za dawa katika kila mtaro, ingawa nayo si maji ya kunywa: glavu, kufukia mbegu vizuri, na kuku kufungiwa.

Mengine ni ya kawaida na mkulima anayajua, ila huyaahirisha. Acha sehemu ya mabua shambani badala ya kuyachoma. Zungusha mahindi na maharagwe au viazi. Pima udongo kabla ya kununua mbolea, si baada. Acha ukanda wa nyasi mpakani bila kulimwa, hata wa mita moja, maana wakati wa kupindua ardhi huko ndiko wanakokimbilia na huko ndiko wanakotoka kurudi. Mwenye ng'ombe atasema mabua ni chakula cha mifugo, na ana hoja. Basi samadi irudi shambani, isiishie nyuma ya zizi.

Kwa walimu wa shule na vijana wanaopenda mambo haya, kuna kazi iliyo wazi. Tandu wa udongo akihifadhiwa vizuri anaweza kutambuliwa na wataalamu wa vyuo vikuu, na Makumbusho ya Taifa ya Kenya jijini Nairobi yana idara ya viumbe wasio na uti wa mgongo. Kwa sababu jenasi nyingi za kundi hili ni ndogo, sampuli moja kutoka kingo za msitu wa Timboroa au bonde la Mto Sosiani ina uzito kuliko inavyoonekana. Mchukue kwa brashi laini, si kwa vidole, kwa kuwa akibanwa hukatika miguu na wengine hutoa ute wenye harufu kali. Mtie katika chupa ndogo yenye spiriti ya asilimia 70. Ndani ya chupa, si nje, weka kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa penseli, maana wino wa kalamu huyeyuka: tarehe, jina la mahali na wadi, kina cha shimo kwa sentimita, zao lililokuwa shambani, na jina la aliyechimba.